Kuondoa mzigo uliolala kwenye stoo ya kiwanda bila kuuza kitu utakachokitafuta kesho

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na boksi juu kabisa ya rafu, vumbi limeganda mpaka limekuwa kama blanketi, ndani kuna gia moja nzito imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, haina lebo, haina namba ya stoo, na kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake, mtunza stoo anasema aliikuta alipoajiriwa, fundi mmoja anasema ni ya mashine iliyoshauzwa zamani, basi nikaipandisha kwenye lori la chuma chakavu ikaenda kwa kilo. Miezi minne baadaye mashine moja, ile ambayo kiwanda kizima kinayo moja tu, ikakatika meno ya gia, fundi akaitoa akaiweka mezani, nikaitambua kabla hajafungua mdomo. Kuagiza nyingine ilichukua wiki 11. Wiki 11 mashine imesimama kwa sababu ya boksi lililokosa kipande cha karatasi juu yake.

Toka hapo nina msimamo mmoja na utauona humu mwote: vitu vingi tunavyoviita mzigo mfu havijafa, vimepoteza jina tu. Kitu kikishakosa jina huwezi kukitumia, huwezi kukiuza kwa bei ya maana, na hata kukitupa huwezi kukitupa kwa amani. Kwa hiyo kazi ya kusafisha stoo kwa sehemu kubwa ni kurudishia vitu majina yao, kuuza kunakuja mwishoni na wala hakuchukui muda mrefu. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari nadhani walishawahi kushika funguo za stoo.

Kwanza tuelewane, mzigo uliolala ni upi

Sio kila cha zamani kimelala. Wengi kwenye kazi hii wanaenda hivi: kitu ambacho hakijatoka miezi 12 unakitilia shaka, miezi 24 unakihesabu kimelala mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kuna vinavyotoka polepole, vitatu kwa mwaka, hivyo viko hai, tatizo lake ni kwamba umevirundika vingi mno. Halafu kuna kundi linalochanganya watu, spea za dharura, mfano shafti ya pampu kuu, rota ya mota kubwa, gia boksi nzima. Hizi zinaweza kukaa miaka 10 bila kuguswa na bado ziko kazini kwa sababu kazi yake ni kukaa pale. Kizima moto nacho hakijatumika toka kiletwe na hujawahi kusikia mtu anasema tukiuze.

Kuhusu gharama, makadirio yanayotumika sana ni kwamba kutunza mali stoo kunakula kati ya asilimia 20 na 30 ya thamani yake kila mwaka, ukijumlisha nafasi, bima, watu, kuharibika na ile pesa yenyewe iliyofungiwa pale ambayo ingefanya kazi nyingine. Maana yake kitu ulichonunua kwa 100 ukikiacha rafuni miaka minne kimeshakula 80 hadi 120 nyingine. Bosi akikuambia tukiache tu hakili chakula, mwonyeshe hiyo hesabu.

Hatua ya 1: toa orodha kwenye mfumo, halafu usiiamini

Toa orodha yote kwenye mfumo uweke kwenye Excel: namba ya kitu, jina, idadi, thamani, rafu, na tarehe ya mwisho kutoka. Hapa watu wengi wanateleza. Unatakiwa tarehe ya mwisho kitu kilipotoka KWENDA KAZINI, sio tarehe ya mwisho kilipoguswa, maana mifumo mingi ukihamisha kitu toka rafu hii kwenda ile au ukirekebisha idadi baada ya kuhesabu, tarehe inabadilika na kitu kilichokufa kinaonekana mzima kabisa. Nimewahi kuona orodha ambayo ilionekana haina mzigo uliolala hata kidogo, kumbe mwaka jana walihamia ghala jipya na kila kitu kikapigwa tarehe ya siku ya kuhama.

Sasa jiulize unatafuta nini, pesa au nafasi? Ni vitu viwili tofauti na ukivichanganya utachoka bure. Kama ni pesa, panga orodha kwa thamani toka juu kwenda chini, utakuta mistari michache imebeba sehemu kubwa ya pesa yote, anza na hiyo, boliti na washa zitasubiri. Kama ni nafasi, tembea na futi uandike vinavyokalia sakafu: madramu matupu, vipande vya konveya ya zamani, vifungashio vyenye nembo iliyobadilishwa, mapaleti yaliyovunjika. Boksi la ncha za kabaidi (ile metali ngumu ya kukatia chuma) za mashine ya kukereza unalibeba mkono mmoja na lina thamani kuliko kona nzima ya mabomba.

Siku hiyo hiyo zuia manunuzi ya kila kitu kilichopo kwenye orodha, hata kwa muda. Usihangaike kutoa maji kwenye mtumbwi huku tundu liko wazi.

Hatua ya 2: nenda rafuni, kipe kila kitu jina

Hii ndo kazi yenyewe. Nenda watu wawili, mtunza stoo na fundi mzoefu, asiende mmoja peke yake, maana mtunza stoo anajua kitu kilipo na fundi anajua ni nini. Beba tochi, brashi ya waya laini, vernia ya kupimia vipimo vya milimita, sumaku, mizani ndogo, maka, simu yenye kamera, na lebo za kufunga kwa waya. Za gundi usijisumbue nazo, kwenye chuma chenye grisi zinaachia wiki haijaisha na unarudi pale pale.

Anza rafu za juu, na mtu asipande kwenye uma za foklifti hata kama ni kwa dakika moja, kama hamna kikapu cha kunyanyulia watu shusheni paleti chini mvikague sakafuni. Angalia nguzo za rafu kabla hujaanza kuvuta vitu, nguzo iliyogongwa na foklifti ikapinda inaweza kuwa imesimama kwa mazoea tu.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Kwenye stoo moja nilikuta beringi moja imeandikwa kwa majina matatu: "beringi 6205", nyingine "bol beringi 25x52x15", ya tatu "beringi ya mota ya feni". Kila moja na namba yake ya stoo, rafu yake, na kiwango chake cha kuagiza. Majina mawili yalikuwa yamelala miaka, la tatu linanunuliwa kila baada ya miezi miwili. Ni kitu kile kile! Ukiisoma namba unaona: 6 ya mwanzo ni beringi ya gololi ya mstari mmoja, 2 ni familia ya unene na upana wake, na 05 unazidisha kwa 5 unapata tundu la milimita 25. Nje ni 52, unene 15. Kanuni ya kuzidisha kwa 5 inaanzia 04 kwenda juu, chini ya hapo unakariri tu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kwa hiyo hata ikiwa boksi limeoza, namba imechongwa ubavuni kwenye pete, na kama imefutika una vernia.

Ila usiunganishe majina kwa haraka. Herufi za mwisho zina maana yake, 2RS ina sili za mpira pande zote mbili, ZZ ina vifuniko vya bati, C3 ina uwazi mkubwa zaidi ndani kwa ajili ya mashine zinazopata moto. Ukizitupa zote kwenye boksi moja umetengeneza tatizo jipya ambalo litaonekana mota ikishaanza kuungua. Unganisha zinazofanana mpaka herufi ya mwisho, na kuunganisha tu bila kuuza hata kimoja kunaweza kupunguza mzigo uliolala kwa kiasi kitakachokushangaza, maana vinaanza kutumika kesho yake.

Mota nazo, tafuta kibati cha maelezo, kisafishe kwa brashi, kama maandishi yamefifia mulika tochi kwa ubavu sio kwa mbele, herufi zilizochongwa zinajitokeza kwa kivuli. Andika kilowati, volti, mizunguko kwa dakika, ukubwa wa fremu. Kila kitu kipigwe picha tatu: chenyewe kizima, namba au kibati kwa karibu, na sehemu yoyote yenye kasoro. Zile picha ndo zitakazokuuzia baadaye kwa hiyo piga kwenye mwanga, futa vumbi kwanza jamani, mtu hawezi kununua pampu inayofanana na kichuguu.

Lebo tumia rangi tatu. Kijani kinabaki, nyekundu kinatoka, njano hakijajulikana. Njano iandikwe tarehe na ipewe siku 30, vinginevyo baada ya mwezi stoo nzima itakuwa njano na kila mtu ameridhika.

Hatua ya 3: waulize mafundi, ila swali liwe sahihi

Ukimuuliza fundi "hii bado inatumika?" atasema ndio. Siku zote. Sio kwamba anadanganya, yeye ndiye anayepigiwa simu saa nane usiku mashine ikizima, hana faida yoyote kwa kitu kuondoka na ana hasara kubwa kikikosekana. Ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo uliza hivi: inaingia kwenye mashine gani, nionyeshe ilipo. Kama mashine haipo, mazungumzo yameisha. Kama ipo, ikiharibika leo mashine inasimama au inaendelea? Kupata nyingine ni siku mbili au miezi mitatu? Na kwa miaka uliyokaa hapa imewahi kuharibika mara ngapi?

Majibu hayo yanakupa uamuzi wenyewe. Kinachosimamisha mashine na kinachukua muda mrefu kupatikana, kinabaki, na kinaandikwa rasmi kuwa ni spea ya dharura ili mwaka ujao mtu asikuletee tena kwenye orodha. Kinachopatikana ndani ya siku mbili kwenye duka lolote la spea, hakina sababu ya kukaa kwako. Na pale katikati ndipo kuna pesa: tuna nane, imeharibika mara moja kwa miaka mitano, basi baki na mbili uza sita. Watu wanadhani ni yote au hakuna, kumbe mara nyingi uamuzi mzuri ni kupunguza.

Aliyejibu aweke sahihi na tarehe. Mtu akijua jina lake linakaa pale, "ndio" nyingi zinageuka kuwa "ngoja kwanza nikaangalie".

Hatua ya 4: angalia kama bado ni kizima

Kuna vitu vinakufa vikiwa rafuni na unaweza kujikuta unalinda maiti. Sili za mpira na oringi zina umri. Kiwango cha ISO 2230 kinazigawa makundi matatu: mpira wa asili na polyurethane miaka 5 unaweza kuongeza 2 ukikagua, nitrile miaka 7 ukaongeza 3, EPDM, silikoni na ile ya fluoro inayojulikana kama FKM miaka 10 ukaongeza 5. Hiyo ni kama zimetunzwa kwenye pakiti, mbali na joto na jua. Umri unahesabiwa toka kutengenezwa sio toka ulipozipokea, na pakiti isiyo na tarehe ya kutengenezwa mimi siiamini hata ikiwa inang'aa.

Beringi ikiwa bado imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta inavumilia, iliyofunguliwa ikapata vumbi au doa la kutu kwenye njia ya gololi hiyo ni chuma tu. Mota iliyokaa muda mrefu izungushe shafti kwa mkono, halafu pima usugu wa kinga ya waya kwa mega, yaani kile kipimio cha usugu wa kinga, kwa mota ndogo za chini ya volti 1,000 kiwango cha chini kwa mujibu wa IEEE 43 ni megaomu 5 kwa joto la nyuzi 40. Ikisoma chini ya hapo usikimbilie kuitupa, mara nyingi ni unyevu, ikaushe upime tena. Driva za kuendeshea mota zilizokaa bila umeme zaidi ya mwaka zisiwashwe moja kwa moja kwa umeme kamili, kapasita zake zinatakiwa kuamshwa polepole kwa maelekezo ya mtengenezaji, mwambie na mnunuzi hivyo asije akarudi na moshi.

Vijiti vya kuchomelea vya 7018, pakiti ikishafunguka vinanyonya unyevu. Vinaweza kuokwa upya, nyuzi 260 hadi 430 kwa saa 2 au zaidi, mara moja tu sio kila ukivikuta. Vilivyoloa maji kabisa, tupa.

Rangi, gundi, kemikali: soma tarehe kwenye kopo. Basi.

Hatua ya 5: malizana na uhasibu kabla mnunuzi hajaja

Hapa ndipo kazi nyingi zinafia, na sio kwa sababu ya mafundi. Meneja anaona kwenye vitabu kitu kina thamani ya 100, mnunuzi anatoa 15, anasema tunapata hasara ya 85 haiwezekani, kitu kinarudi rafuni mwaka wa tisa. Lakini hasara ilishatokea zamani, siku mashine yake ilipoondoka, leo ndo inaandikwa tu. Kwa wanaofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 2 inasema mali ya stoo iandikwe kwa gharama yake au kwa kile unachoweza kukipata ukiiuza baada ya kutoa gharama za kuuza, yoyote iliyo ndogo. Kwa hiyo ile 100 kwenye vitabu ilitakiwa ishushwe kitambo. Mhasibu anajua hilo, mtumie yeye akusaidie kumwelewesha bosi, likitoka kwake lina uzito kuliko likitoka kwako.

Pata idhini ya maandishi kwa orodha nzima, yenye picha na bei ya chini kwa kila kundi. Na aliyechagua vitu vya kuuza asiwe ndiye anayeuza, wala asiwe ndiye anayepima. Sisemi watu ni wezi, nasema ukishaona kitu kizima kimewekewa lebo nyekundu halafu mnunuzi ni shemeji wa mtu, hutalala vizuri.

Hatua ya 6: njia za kutokea, kwa mpangilio

Ya kwanza kabisa ni kukitumia mwenyewe. Sili za ukubwa unaokaribiana, chuma cha kukata kwa kazi nyingine, bomba za mradi ulioisha. Kama mna matawi mengine tuma orodha kule kabla ya kwenda nje, mara ngapi tawi moja linauza skrapa kitu ambacho lenzake linaagiza wiki hiyo hiyo.

Ya pili ni kumrudishia aliyekuuzia. Wengi wanakubali kama pakiti haijafunguliwa na modeli bado inatengenezwa, watakukata asilimia fulani ya kurudisha stoo, na wengine hawatoi pesa wanakupa salio la kununulia kitu kingine, ambayo kwangu ni sawa tu kama kuna kitu utanunua kwao kweli.

Ya tatu ni kuwauzia wanaotumia mashine kama yako, au wafanyabiashara wa spea zilizoadimika. Hapa jina linalipa. Ukiandika "spea mbalimbali za umeme, boksi 4" utapewa bei ya uchafu. Ukiandika modeli kamili, namba ya mtengenezaji, idadi, haijatumika, iko kwenye boksi lake, na picha tatu zile, mtu wa mbali anayehangaika na mashine ya zamani atakupigia yeye. Kadi za PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) za modeli zilizoachwa kutengenezwa zinaweza hata kuuzwa zaidi ya ulichonunulia, maana kwa mwenye laini ya zamani kadi moja ni nafuu kuliko kubadilisha mfumo mzima.

Ya nne ni kuuza kwa mafungu, kwa mnada au kwa zabuni. Angalizo langu: usichanganye kizuri na takataka ukidhani kizuri kitabeba takataka, mnunuzi anaweka bei kwa kuangalia kibaya kuliko vyote humo. Lakini usimruhusu pia achague. Akichagua atabeba vile kumi vizuri, akuachie 190 na ahadi ya kurudi. Fungu lipangwe kwa aina, na sharti liwe anachukua fungu zima, amelipa kabla ya kupakia, anaondoa ndani ya siku mlizokubaliana, vinauzwa kama vilivyo bila garantii. Bila tarehe ya kuondoa unakuwa umeuza mali na kubaki na nafasi ile ile imejaa, na sasa hata huwezi kuigusa kwa sababu sio yako.

Vyuo vya ufundi vinapokea mota, vali, pampu na paneli za zamani kwa kufundishia, na kwa vitu vizima ambavyo soko halivitaki mimi napenda njia hii kuliko kupeleka kwa kilo. Mwulize mhasibu kwanza kodi inasemaje kuhusu msaada.

Na kama mzigo unavuka mpaka, angalia mapaleti ya mbao. Kanuni ya ISPM 15, ile ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, inataka mbao ziwe zimetibiwa, kwa njia ya joto ni nyuzi 56 mpaka ndani kabisa ya ubao kwa dakika 30, na ziwe na muhuri wenye herufi HT. Paleti lisilo na muhuri linaweza kuzuia kontena zima kwa sababu ya mbao za kuokota.

Hatua ya 7: kilichobaki ni chuma, ila sio chuma kimoja

Skrapa iliyochanganywa inalipwa kwa bei ya kilicho cha chini kabisa humo ndani, kwa hiyo tenganisha mwenyewe. Shaba peke yake, shaba nyekundu na ile ya njano kila moja kwake, alumini peke yake, nyaya peke yake. Sumaku inakusaidia kwa haraka: chuma cha kawaida kinashika, chuma cha pua cha 304 na 316 kwa kawaida hakishiki au kinashika kidogo sana palipokunjwa. Kutofautisha 304 na 316 kwa macho haiwezekani, 316 ina molibdenamu kama asilimia 2 hadi 3, inahitaji kile kifaa cha mionzi cha kupimia metali, mnunuzi mkubwa anacho, mwambie apime mbele yako. Ncha za kabaidi utazijua kwa uzito, kitu kidogo mkononi lakini kinavuta chini kama kina siri, uzito wake ni karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa huo huo. Zikienda kwenye pipa la chuma cha kawaida umetoa zawadi.

Kuna kitu wengi hawafanyi. Beringi na sili mbovu zikate au ziharibu kabla hazijatoka, na maboksi yake yenye chapa yachane. Beringi yenye kutu ikipigwa msasa ikawekwa kwenye boksi zuri inarudi sokoni kama mpya, na anaweza kuinunua mtu yeyote ukiwemo wewe. Sare na vifungashio vyenye nembo yenu pia, na kompyuta za kuendeshea mashine ziondolewe kumbukumbu zake.

Hatua ya 8: vya hatari havina njia ya mkato

Madramu yasiyo na lebo usiyafungue, usiyanuse, usiyamimine moja kwenye jingine ili kuokoa nafasi. Tafuta karatasi ya usalama ya kemikali husika, ina vipengele 16, kipengele cha 13 kinazungumzia utupaji na cha 14 usafirishaji. Transfoma na kapasita za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu, hayo yanapimwa maabara kabla mtu yeyote hajaweka spana pale, na Mkataba wa Stockholm umeweka mwaka 2028 kama kikomo cha kushughulikia taka zake. Kuzivusha nje ya nchi kunaangukia kwenye Mkataba wa Basel wa 1989. Hapa unatafuta kampuni yenye leseni na unalipa, ndio unalipa wewe, na unadai hati inayoonyesha vilipoishia. Mtu akikuambia anakuchukulia bure hayo mafuta, jiulize anakwenda kuyamwaga wapi, kwa sababu jina kwenye dramu ni lako.

Siku ya kupakia

Lori lipimwe tupu likiingia na lipimwe limejaa likitoka, kwenye mizani ile ile, dereva akiwa nje ya gari mara zote mbili au ndani mara zote mbili. Inaonekana jambo dogo. Picha ya kila fungu likiwa juu ya lori, hati ya kutokea getini yenye namba za vitu sio "skrapa lori 1", na mlinzi awe na nakala ya orodha. Vyenye lebo ya kijani vifungiwe upande mwingine siku hiyo, wapakiaji wana haraka na rangi kwao ni rangi tu.

Halafu funga tundu

Nilisema mwanzoni uzuie manunuzi. Sasa maliza kazi: kila kitu kilichoondoka kabisa, namba yake ifungwe kwenye mfumo, na kile kiwango cha chini cha kuagiza kifutwe. Hili nimejifunza vibaya. Tulisafisha rafu mbili za filta za kompresa ambayo ilishaondolewa, tukauza, tukapongezana, stoo ikashuka mpaka sifuri, na mfumo ulipoona sifuri ukafanya kazi yake, ukatengeneza oda, mtu wa manunuzi akaipitisha na nyingine arobaini bila kuisoma. Wiki ya tatu lori likasimama getini na filta mpya kabisa za kompresa isiyokuwepo.

Ndo maana sasa fomu ya kuondoa mashine tuliiongezea mstari mmoja: orodha ya spea zake, na sahihi ya mtunza stoo kwamba zimeshapangiwa pa kwenda. Mashine haitoki getini mpaka mstari huo umejazwa. Mafundi walilalamika kama wiki mbili hivi.